Remorki ya kukunjwa ya Lwiro na hesabu ya penseli



Kilo 18 za mbegu ya maharagwe zilichipuka ndani ya remorki yetu, siku chache kabla ya kupanda msimu A. Hazikuwa zetu. Zilikuwa za chama kimoja cha mamama wa upande wa Katana, walizichagua kwa mkono, punje kwa punje, wakatukabidhi tuwatunzie. Walituamini kwa sababu sisi ni ba-agronome, tena tuna nyumba ya magurudumu inayofungwa kwa kadena.

Wengi wenu mliona picha za ile nyumba kwenye grupu, mkaweka mioyo na makofi. Picha za maharagwe yaliyoota ndani ya gunia sikuzituma. Leo naeleza yote, ila itabidi nipite mbali kidogo, kwa sababu ile remorki ina historia ndefu kuliko lisansi yangu.

Kwanza kitu chenyewe. Ikifungwa ni sanduku la bati na mbao lenye kunifikia kiunoni. Ukiifungua, kifuniko kinapanda na kuwa paa, kuta za kitambaa kizito cha pamba zinasimama, vitanda viwili vinatoka ubavuni kama droo. Katikati kuna meza ndogo, kabati, na viti viwili virefu ambavyo chini yake ni masanduku ya kuweka vitu. Watu wanne wanalala. Mtafiti mmoja wa Ulaya aliileta Lwiro miaka ya 1980, akaitumia kulala karibu na sehemu alizokuwa anapima, na mwaka 1991 akaondoka akisema anarudi. Aliiacha kwa muzee mmoja aliyekuwa fundi mbao. Hadi leo hajarudi.

Sisi tuko watatu, wote wa agro. Tunafanya kazi na vyama vya wakulima juu ya kuchagua mbegu, na shida yetu kubwa ilikuwa usiku: mkutano unaisha saa kumi na moja, mvua inaanza, pikipiki haipiti, mizani na makaratasi yanalowana. Muzee alituambia: “Muichukue. Lakini mutengeneze ndani, na muniulize kwanza.” Ile sehemu ya pili ya maneno yake hatukuisikia vizuri.

Sasa historia. Wafaransa wanaita nyumba ya namna hiyo caravane, neno lile lile la msafara wa ngamia, lililotoka kwa Waajemi. Kwetu msafara ulikuwa wa miguu. Kabla ya barabara, Mzungu wa serikali aliyepanda milima ya Kabare alikuja na hema, kitanda cha kukunjwa, meza ya kukunjwa, kiti cha kukunjwa, na kila kipande kilikuwa juu ya kichwa cha mtu. Mzigo wa mpagazi ulihesabiwa kilo 25 hadi 30. Ndiyo maana vitu vilikunjwa: vitoshe kwenye kichwa. Mtu akisifu leo ujanja wa kitanda cha safari, mimi nafikiria shingo iliyokibeba.

Baadaye barabara zikatengenezwa kwa jembe na koleo za wenyeji, kando yake zikajengwa nyumba za kulala wasafiri wa serikali, gîte kwa Kifaransa. Kati ya wasafiri hao alikuwepo mwenzetu, agronome. Kuanzia 1917 serikali ya kikoloni iliweka mazao ya lazima, na mtu aliweza kudaiwa hadi siku 60 za kazi kwa mwaka. Aliyekuja kukagua shamba alikuwa agronome na moniteri wake, na asiyelima aliadhibiwa. Njo maana hata leo, ukijitambulisha kwa jina hilo mbele ya wazee wa kijiji, kuna mmoja atakayekuangalia viatu kwanza. Sisi tulifika kwao tukivuta nyumba. Fikirieni.

Nyumba za kuvutwa na gari zilifika Kongo kabla ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 1938 kampuni ya Marekani International Harvester ilimpatia Muitaliano Attilio Gatti malori na remorki mbili kubwa kwa safari yake ya Kongo ya Wabelgiji. Umbo lao lilichorwa na Alexis de Sakhnoffsky, mchoraji maarufu wa magari wakati huo. Ziliitwa Jungle Yachts, yaani merikebu za starehe za porini. Ukiziegesha ubavu kwa ubavu ziliungana kuwa nyumba ya vyumba vitano, na jiko la umeme, bafu, baa, hata mashine ya kupoza hewa. Gatti huyo alikuwa amekwisha kuwinda gorila wa Kivu na kuandika vitabu juu ya safari zake. Nimetazama picha za zile remorki kwenye simu mpaka betri ikaisha. Nilikuwa natafuta fundi. Mtu anayeshika bisibisi, anayelala chini ya kabati, anayegonga msumari. Sikumwona hata mmoja, na hakuna nyumba ya vyumba vitano inayopita barabara za Kongo bila mlango hata mmoja kulegea.

Halafu mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwenye kampuni ya Airstream, aliongoza remorki 41 za aluminiamu kutoka Cape Town hadi Cairo. Walipitia Kongo katika miezi ya mwisho ya ukoloni, wakafika Misri mwaka 1960. Zile zilikuwa nyumba ngumu, hazikunjwi.

Wakati huo Lwiro ilikuwa tayari imesimama. IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, iliundwa 1947 chini ya profesa Louis van den Berghe, na makao yake makuu yakajengwa pale, kwa michoro ya Charles Van Nueten. Mlioenda kusoma kwenye ile maktaba mnajua: jengo ni zuri mpaka linakusahaulisha kwamba kazi yenyewe ilikuwa nje. Samaki wako ziwani, wadudu wako msituni, tetemeko la ardhi linapimwa mahali linapotokea. Taasisi ilikuwa na vituo Uvira, Astrida, Elisabethville na Mabali karibu na ziwa Tumba. Kulala nje ilikuwa sehemu ya kazi. Kila kitanda kilichovunjika huko kilirudi kwa mtu wa kukitengeneza, na majina ya hao sijayakuta kwenye ripoti yoyote niliyofungua.

Remorki ya kukunjwa ya namna yetu ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1961, huko Mayenne, magharibi ya Ufaransa, fundi wa samani Constant Rousseau alijitengenezea nyumba ya kukunjwa kwa ajili ya likizo ya familia yake. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Rapido. Yetu si ya kwake, na kibati chake cha jina kiling'olewa zamani. Lakini nilipomsimulia Muzee kwamba mmoja wa waliozianzisha alikuwa menizye kama yeye, alicheka sana. “Naona,” akasema, “njo maana ikifungwa haina nafasi ya bure hata kidogo.”

Lile neno lilikuwa somo zima, na sisi tulilipita.

Tulianza kiangazi, mwezi wa saba, kwa kile kinachoonekana. Lino ya chini ilikuwa imepasuka, tukaing'oa. Tripleksi ya kona ya kulia ilikuwa imevimba na kuachana kama kurasa za kitabu kilicholowana, tukaikata mpaka kwenye mbao nzima na kuweka kipande kipya kwa kole na vise. Mpaka hapo vizuri. Kisha tukabadilisha milango ya kabati. Ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 4. Soko la Kadutu tulipata ya milimita 6, tukasema ni nzuri zaidi, itadumu. Bawaba zilikuwa zimelegea kwa sababu matundu ya vise yalikuwa yamekula mbao, tukaweka vise ndefu zaidi ili zishike. Tukapaka verni. Tukapiga picha. Makofi yenu, mioyo yenu.

Jioni tukataka kufunga. Kifuniko kilikataa kwa upana wa vidole viwili.

Bon, mtu mwenye akili angesimama. Sisi tulipanda juu watatu tukakaa. Ikaingia, kadena ikafunga, tukafurahi. Tulipofungua asubuhi, ncha za vise zilizotokea upande wa pili wa mlango zilikuwa zimechana kitambaa cha ukuta, mikato mitatu, mmoja mrefu kama mkono wangu.

Ndani ya kitu kinachokunjwa, kila kipande kina mahali pake kikifunguliwa na mahali pengine kikifungwa, na vipande vinalaliana kama sahani kwenye kabati la mama. Ukiongeza milimita mbili kwenye mlango, umezichukua kwa kitanda. Ndani ya nyumba ya kawaida, ukarabati mnene ni ukarabati mzuri. Hapa ni kinyume.

Muzee alikuja, akaangalia, hakutukana. Alituagiza tutoe zile vise ndefu. Akachonga vijiti vyembamba vya mwanzi, akavitia kole, akavisukuma ndani ya matundu yaliyoliwa, akavikata usawa wa mbao, na siku iliyofuata akarudisha vise fupi za mwanzo. Zikashika kama mpya. Milango ya milimita 6 aliipiga randa upande wa nyuma jioni mbili nzima, akilalamika juu ya gundi iliyomaliza makali ya randa yake.

Ni wakati huo alituonyesha maandishi. Alifungua sanduku la chini ya kiti kirefu, akatuambia tuingize kichwa na torshi. Kwenye ubao wa ndani kulikuwa na mistari ya penseli, herufi ndogo, safi: vise 8, kole, bawaba ya kitanda, 1987. Kitambaa cha dirisha, uzi, 1989. Yule mtafiti alikuwa anamtaka atoe hesabu ya kila kitu alichotumia, na yeye badala ya daftari alichagua kuandika pale pale alipotengeneza. Mistari haikuishia 1991. Iliendelea, miaka na miaka, hesabu ya mtu ambaye hakuwa tena na wa kumpa hesabu.

Huo ubao mimi nauhesabu kuwa hati ya historia, sawa na makaratasi ya maktaba. Mwaka 1990, baada ya wanafunzi kuuawa Lubumbashi, Ubelgiji ilikata ushirikiano na Zaïre. Mwaka 1991 askari walipora miji, wageni wakaondoka. Hayo tumesoma sote. Kwenye ubao yanaonekana hivi: kabla ya hapo vifaa ni vya dukani, vise, uzi wa nailoni, gundi ya kopo. Baada ya hapo ni ubao wa mkaratusi, misumari iliyonyooshwa, kamba ya mpira wa baiskeli.

Na baada ya 1994 ni shitingi. Mnajua kambi za wakimbizi wa Rwanda zilizokuwa kwenye barabara ya Bukavu kwenda Kavumu: Inera, Kashusha, Adi-Kivu. Shitingi za HCR zilijaa nchi nzima, zikawa paa, mlango, koti la mvua. Ukuta wa nyuma wa remorki una kiraka chake kikubwa, herufi za bluu bado zinasomeka. Vita vya 1996 vilipofika, magurudumu yalichukuliwa, sanduku likabaki kwenye migomba kwa sababu halikuweza tena kwenda popote. Muzee, mke wake na watoto walilala ndani yake usiku mwingi mwaka ule, limefunguliwa nusu, bila taa. Kile kiraka alikishona mke wake. Hayuko tena.

Sisi tulikuwa tumepanga kukitoa. Tulikuwa na sababu ya kiufundi, tena nzuri: pamba inapitisha hewa, na ikilowana nyuzi zake zinavimba na kuziba matundu. Shitingi haipitishi kitu. Watu wanne wakilala, pumzi yao inageuka maji upande wa ndani, yanateremka kwenye godoro, na nyuma ya kiraka kulikuwa na ukungu mweusi. Nilimweleza Muzee hayo kwa sauti yangu ya darasani. Akasema: “Unasema kweli. Lakini haitatupwa.” Tulikaa kimya kidogo. Mwishowe kordonye mmoja wa Kavumu alikifumua polepole, akashona pamba mahali pake, pamoja na ile mikato yetu mitatu, kwa uzi uliopakwa nta. Kiraka akakishona upya nje, kiwe pazia la mlango, mahali ambapo hakizuii pumzi ya mtu na kinazuia mvua ya kuelekea uso. Kinafanya kazi vizuri kuliko mwanzo.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi wa nane ndani kulikuwa kuzuri. Mamama wakaleta mbegu. Tukaziweka ndani ya sanduku la chini ya kiti, lile lenye maandishi, tukafunga.

Mvua za Septemba zilianza usiku. Asubuhi ya tatu nilisikia harufu, ile ya maharagwe mabichi, nikadhani inatoka shambani.

Hatukuwa tumegusa paa. Kiangazi hakivuji, kwa hiyo paa kwetu lilikuwa zima. Ile tripleksi iliyovimba kwenye kona, tuliyoibadilisha kwa furaha, ilikuwa inatuambia kitu, sisi tukaifunika kwa lino. Muzee aliuliza swali moja tu: “Ile mbao ilioza na maji ya wapi?” Miaka mitano ya agronomia, nimefundishwa kwamba jani la manjano si ugonjwa wenyewe, utafute kwenye mzizi. Sikujibu.

Jaribio lake ni rahisi, na yeyote mwenye paa la bati anaweza kulifanya. Mmoja anakaa ndani na torshi. Mwingine anamwaga maji kwa kikombe kutoka kwenye bidoni, polepole, akianzia sehemu ya chini ya paa na kupanda, na kila hatua anangoja. Ukimwaga mahali pote mara moja hutajua chochote. Maji hayakuingilia juu ya kona. Yaliingilia mbali, karibu mita moja, kwenye vise ya ule mpira wa ukingo, yakatembea ndani ya unene wa mbao, yakatokea juu ya sanduku. Mastike ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka. Tuliondoa vise zote za upande ule, 14, tukasugua, tukaacha mbao zikauke siku mbili chini ya shitingi ya kuazima, tukajaza matundu kwa mwanzi na kole, tukarudisha vise juu ya mastike laini, ile mafundi wa magari wanayobandikia vioo. Ya madirisha ya nyumba haifai, kwa sababu paa hili linacheza kila shimo la barabara, na kuanzia Miti kupanda mashimo hayana hesabu.

Kisha nikaenda kwa mamama. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kiongozi wao alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna punje zilizobaki kavu. Karibu kilo tatu. Akasema: “Mutoto wangu, nyumba yenu inajua kujikunja. Mbegu yetu haijui.” Wengine wakacheka, yeye hakucheka.

Tulinunua kilo 18 sokoni Mudaka, tukalipa kwa pesa zetu, lakini ninyi mnaelewa: maharagwe ya soko ni mchanganyiko, na yale yalikuwa ya misimu minne ya kuchagua. Walipanda wakiwa wamechelewa. Zile kilo tatu walizipanda peke yake, kwenye shamba moja dogo, ili waanze upya. Sisi tulienda kupalilia, hatukuombwa. Muzee wa jirani alipita, akasimama, akatuangalia viatu. Vilikuwa na matope, akaendelea na njia yake.

Sasa kila mbegu inalala juu ya mbao zilizoinuliwa, ndani ya gunia lenye kupitisha hewa, na remorki haifungwi ikiwa imelowana hata kama gari linangoja. Muzee alinipa penseli yake niandike kwenye ubao chini ya mistari yake. Niliandika: mastike, vise 14, mwanzi, kitambaa mita 2, mbegu kilo 18, deni. Akasoma, akaniambia niongeze mwaka.

Bado kuna mlango mmoja wa kabati unaogusa kitanda ikifungwa. Anayejua mahali Bukavu wanauza tripleksi ya milimita 4 kweli, si ile wanayoiita 4 na ukiipima ni 5, aniandikie.